P2 umeshameza, halafu?

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, Jumatatu inayofuata foleni ya zahanati yetu ya chuo huwa ndefu, na wengi hawaumwi malaria. Mtu anafunga mlango, anakaa, ananong'ona: "Dokta, nimemeza P2 jana, itafanya kazi?" Anamaanisha kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. La VVU haulizi. Mimba huonekana, nyumbani watajua. Virusi hukaa kimya.

Tuanze na hiyo P2. Ni homoni ya levonorgestreli, miligramu 1.5, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Yai likishatoka, kidonge hakina la kufanya. Mimba ikishatunga, hakiitoi, hata vijiwe vya hosteli viseme nini. Ndiyo maana tunasema ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu inapungua. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, meza kingine. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au kabamazepini ya kifafa aje tuongee kwanza, maana dawa hizo huidhoofisha P2.

Sasa, saa hizohizo 72 ndizo mwisho wa kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU visijijenge mwilini. Yaliyotokea Ijumaa saa sita usiku mwisho wake ni Jumatatu saa sita usiku, lakini usingoje huko. Saa chache za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Tunakupima kwanza, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Chuo kisipokuwa nazo, nenda hospitali yenye CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU. Wanaonisikitisha ni wanaokuja Jumatano, P2 wamemeza tangu Jumamosi. Duka la dawa walifika mapema kabisa, ila hakuna aliyewatajia PEP.

Wengine hujipima kwa mate asubuhi yake, mstari mmoja, wanashukuru Mungu. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Kinakueleza ya zamani, si ya jana usiku. Rudia baada ya miezi mitatu.

Ukija, sitakuuliza jina la mwenzako wala mwaka wa masomo. Nitauliza saa ngapi, na kama mlitumia kinga. Kondomu zipo kwenye boksi pale mapokezi. Chukua, hakuna anayehesabu.