Uglich: Mji wa Volga na Kengele Iliyohukumiwa

Mji wa Uglich, wenye wakazi wapatao 30,000, uko ukingoni mwa mto Volga katika mkoa wa Yaroslavl, takriban kilomita 200 kaskazini mwa Moscow. Mto hupiga kona hapo, na wengi hulihusisha jina la mji na neno la Kirusi linalomaanisha pembe. Mapokeo ya wenyeji huutaja mwaka 937 kuwa ndio wa kuasisiwa kwake, ingawa katika tarihi zilizoandikwa mji unaonekana mara ya kwanza mwaka 1148.

Kilichoufanya Uglich ujulikane ni kifo cha mtoto. Mwanamfalme Dmitry, mwana mdogo wa Tsar (mfalme wa Urusi) Ivan wa Nne, alihamishiwa huko pamoja na mama yake mwaka 1584, na tarehe 15 Mei 1591, akiwa na umri wa miaka 8, alikutwa uani akiwa amekatwa koo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanamfalme Vasily Shuisky ilisema kwamba mtoto alijijeruhi mwenyewe kwa kisu aliposhikwa na kifafa, huku watu wakimnyooshea kidole Boris Godunov, aliyeendesha serikali kwa niaba ya tsar wa wakati huo. Mwaka 1606, Shuisky huyohuyo, sasa akiwa tsar, alitangaza kwamba Dmitry aliuawa; msomaji na apime mwenyewe uzito wa ushahidi wa namna hiyo.

Siku ya kifo kengele ilipigwa, watu wakakusanyika kwa ghadhabu na kuwaua waliowashuku, akiwemo karani wa tsar, Mikhail Bityagovsky. Adhabu haikuishia kwa binadamu. Kengele yenyewe, yenye uzito wa takriban kilo 320, iliteremshwa, na kwa mujibu wa masimulizi ikachapwa viboko, ikang'olewa ulimi, ikakatwa kitanzi cha kuning'inizia, ambacho Warusi hukiita sikio, kisha ikapelekwa uhamishoni Tobolsk, Siberia. Ilirudishwa mwaka 1892, baada ya karne tatu, na sasa imo katika Kanisa la Dmitry wa Damu, jengo jekundu lenye kuba za buluu lililokamilika mwaka 1692 pale panapoaminika kuwa ndipo mtoto alipofia. Jirani yake limesimama jumba la wakuu wa Uglich, la matofali, la karne ya 15.

Karne ya 20 ilileta bwawa la umeme, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Desemba 1940, na sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi ilifanywa na wafungwa wa Gulag, yaani kambi za kazi za kulazimishwa za Kisovieti. Maji yaliyozuiwa yaliifunika monasteri ya Pokrovsky pamoja na sehemu ya mji wa Kalyazin ulio upande wa juu wa mto. Huko Kalyazin kanisa kuu la Mtakatifu Nikolai lilibomolewa, ila mnara wake wa kengele uliojengwa mwaka 1800, wenye urefu wa zaidi ya mita 70, ukaachwa. Leo umesimama peke yake katikati ya maji, ukizungukwa na kisiwa kidogo cha udongo uliomwagwa na watu kuulinda dhidi ya barafu na mawimbi.