Nyuki wa jangwani asiye na mzinga: tunayodhani na ukweli wenyewe

Hapa Lubumbashi ukitaja nyuki, mtu anawaza asali ya porini inayouzwa kwa chupa kando ya barabara, kisha anawaza kuumwa. Ndiyo maana nikisimulia habari za Centris pallida, nyuki wa jangwa la Sonora, kule Marekani na Meksiko, swali la kwanza huwa: asali yake ikoje?

Hana asali ya kurinwa. Hana mzinga, malkia wala vibarua. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini, huweka humo chakula cha chavua na nekta, hutaga yai, huziba, huenda zake. Mtoto hukaa gizani humo hadi mwaka unaofuata. Wala si kioja: duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi huishi hivyo. Nyuki wa asali, ambaye kwetu ni mwenyeji, kule Marekani ni mgeni aliyepelekwa na Wazungu karne ya 17.

Wengine husema jangwani hakuna maua, basi nyuki watoke wapi? Kumbe majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko ni kati ya sehemu zenye aina nyingi za nyuki kuliko zote duniani, hata kuupita msitu mnene wa mvua. Centris pallida yuko Arizona, kusini mwa California, Nevada, New Mexico na ng'ambo ya mpaka, Meksiko.

Je, anatua kwenye ua lolote? Hapana. Warina asali wetu wanajua nyuki hungoja mutondo na muputu vichanue. Huyu naye ana miti yake. Anaoupenda sana ni palo verde, mti wenye gome la kijani ambao mwezi wa Aprili na Mei hugeuka manjano tupu kwa maua. Mwingine ni Olneya tesota, wenye maua ya zambarau hafifu na mbao nzito zinazozama majini. Mti huu umekatwa sana kule Sonora kwa ajili ya makala. Nilipojua hilo niliumia, maana miombo yetu nayo inaishia kwenye magunia yale yale.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba dume anayechimba mchanga ni mkali, auawe. Dume la nyuki halina mwiba kabisa. Asubuhi huruka chini chini juu ya ardhi tupu, hutua, hugusa mchanga kwa vipapasio: ananusa jike aliye chini, ambaye hajatoka bado. Hapo huanza kuchimba kwa miguu na meno, mchanga ukirushwa nyuma. Madume makubwa hupigania tundu. Madogo hungoja karibu na miti, wakitazamia majike waliowaponyoka wakubwa. Jike akitoka, wanapandana papo hapo. Baada ya hapo ni yeye na mchanga: anachimba peke yake, bila msaada wa dume.