Laini Mbili Hazitoshi: Jinsi Ruta Inavyochagua Njia

Malalamiko yanayotufikia kutoka ofisi, skuli na hoteli za Unguja na Pemba yameongezeka, na mengi yanafanana: "Tunalipia mkonga na laini ya redio, lakini mkonga ukikatika tunakosa huduma zote." Tukifika kukagua, mara nyingi tunaikuta laini ya redio nzima. Ruta, yaani kifaa kinachoielekeza data kwenye laini, haikuambiwa iitumie.

Tuelewane jambo moja. Ruta haipimi kasi ya laini, wala haijui ipi imezidiwa na wateja. Inafuata kanuni, kama abiria anayepanda boti iliyoandikwa kwenye tiketi yake hata kama ya jirani inawahi kufika. Kanuni ya kwanza ni kwamba tangazo (taarifa ya anwani zinazofikiwa kwa njia fulani) la eneo dogo la anwani hulishinda la eneo kubwa: njia ya 10.20.5.0/24 itatumika mbele ya 10.20.0.0/16, hata ikipita kwenye laini dhaifu. Namba iliyo baada ya mkwaju ikiwa kubwa, eneo ni dogo. Maeneo yakilingana, hutazamwa njia imetoka wapi. Kwenye ruta za Cisco, njia iliyoandikwa kwa mkono ina namba ya kuaminiwa 1, ya BGP (itifaki, yaani lugha ya ruta, ya kupeana njia kati ya mitandao tofauti) kutoka mtandao wa nje 20, ya OSPF (itifaki ya ndani ya mtandao mmoja) 110, na namba ndogo hushinda. Gharama, yaani namba ambayo itifaki huipa kila njia, hulinganishwa baada ya hapo, ndani ya itifaki moja. Kwenye OSPF, kipimo cha kawaida cha kukokotolea gharama ni Mbps 100, kwa hiyo laini ya Mbps 100 na ya Gbps 1, yenye kasi mara kumi, zote hupata gharama 1. Kipimo hicho kipandishwe, na kiwe sawa kwenye ruta zote.

Kwa wenye laini mbili, njia ya akiba iandikwe kwa namba kubwa, mfano 200, ilale mpaka ile kuu iondoke. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mkonga ukikatika mbali, waya kati ya ruta yako na kisanduku cha mtoa huduma bado uko hai, taa inawaka, na ruta inaendelea kutupa data kwenye njia iliyokufa. Lazima ipewe kazi ya kupima, kila baada ya sekunde chache, anwani iliyo mbali zaidi ya kisanduku hicho, na upimaji huo ulazimishwe kupita kwenye laini kuu peke yake. Majibu yakikosekana, njia kuu iondolewe yenyewe. Kuzima na kuwasha ruta si tiba. Tumelisema hili mara nyingi.

Wenye namba zao za AS (namba inayoutambulisha mtandao unaojitegemea kwenye intaneti) wana dhamana kubwa zaidi. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilikusudia kuizuia YouTube ndani ya nchi yake. Tangazo lake la /24 likavuja nje, likalishinda la /22 la YouTube, na kwa takriban saa mbili watu wa nchi nyingi hawakuipata. Basi chuja unachopokea, tangaza anwani zako tu, na zisajili kwenye RPKI (mfumo wa kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani) kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika.

Kabla ya kubadilisha chochote, pata kibali cha maandishi cha msimamizi wa mfumo, hifadhi nakala ya mpangilio wa zamani nje ya ruta, mjulishe mtoa huduma, na fanya kazi usiku wakati watumiaji ni wachache. Kisha chomoa laini kuu na utazame. Fundi asiingie kwenye ruta asiyokabidhiwa, hata kwa nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inaweka kwa kuingia bila idhini faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kwa kutegemea ipi kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Anayeleta malalamiko aambatishe jedwali la njia la ruta yake na matokeo ya traceroute (amri inayoonesha vituo ambavyo data inapitia), moja laini kuu ikiwa nzima na jengine ikiwa imechomolewa. Bila ya hivyo tutamrejeshea barua akavichukue kwanza.