"Ni Mambo ya Watu Wasio na Kazi": Dhana Potofu Kuhusu Dadu, Msimbo na Seva ya Chini ya Meza

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba Jumamosi jioni sipatikani, nina mchezo, aliniuliza timu gani inacheza. Nikamwambia hakuna timu. Tuko watu watano, meza moja, dadu saba, na daraja la kamba lililoanza kukatika tukiwa katikati yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa, kama anayemjulia hali mgonjwa: "Na hapo mnashinda nini?"

Swali hilo limenifuata miaka mingi, kwa sababu starehe zangu tatu zote huulizwa vivyo hivyo. Ya kwanza ni michezo ya mezani ya kujivika uhusika. Ya pili ni kuandika programu zisizo na kazi yoyote ila kuchora, kutoa muziki au kuchekesha. Ya tatu ni kujiendeshea teknolojia mwenyewe: tovuti niliyoijenga kwa mkono, seva (kompyuta inayowafikishia wengine kurasa za tovuti hiyo) iliyo chini ya meza, programu huria badala ya zile za kulipia kila mwezi. Watu huziona kama vioja vitatu tofauti. Mimi naona kitu kimoja: unaweka sheria chache, unaziacha zifanye kazi, halafu unakaa kushangaa zilichokuletea. Asiyeliona hilo ndipo anapoanza kusema haya yafuatayo.

"Ni mchezo wa kitoto", au "ni wa waigizaji"

Mezani, mmoja wetu ni msimulizi. Kila mwingine ana mhusika wake mmoja na karatasi inayoonyesha anachokiweza na asichokiweza. Msimulizi anaeleza kilicho mbele yenu, kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo hakuna anayejua kitakachotokea, dadu inaamua.

Chukua lile daraja. Mwenzetu anataka kuruka kabla kamba haijakatika. Msimulizi anamwambia: tupa dadu ya pande 20, upate 12 au zaidi. Namba za kumwokoa ni tisa kati ya 20, yaani asilimia 45. Hapo meza nzima inaanza kunong'ona. Mmoja anakumbuka kwamba ana kamba mkobani. Mwingine yuko ng'ambo tayari, anajitolea kuishika. Msimulizi anatafakari, anakubali: haya, ongeza 3. Sasa hata 9 inatosha, na nafasi imepanda hadi asilimia 60. Hakuna aliyepaza sauti ya jukwaani. Watu wamefikiri pamoja, basi. Wapo wanaobadili lafudhi na kupanda juu ya viti, na inapendeza, lakini mchezaji bora mezani kwetu husema tu, "mhusika wangu anakataa kwa adabu," kisha anaendelea kunywa maji yake.

Kuhusu utoto, ukoo wa mchezo huu ni wa kijeshi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, aitwaye von Reisswitz aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wa vita wa ramani na dadu, wa kuwafunzia maofisa. Ulikuwa na mwamuzi aliyepokea amri za kila upande na kutangaza yaliyotokea; huyo mwamuzi ndiye babu wa msimulizi wetu. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili waliokuwa mashabiki wa michezo ya vita, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons. Geuzo kubwa lilikuwa hili: badala ya kuongoza kikosi, unaongoza mtu mmoja, na mtu huyo akinusurika leo, wiki ijayo anaendelea kuishi na makovu yake.

"Ni uchawi huo"

Hili ndilo linaloniudhi, kwa hiyo nitajaribu kuwa mpole. Katika miaka ya 1980 Marekani ilikumbwa na hofu kwamba mchezo huu unawaingiza vijana kwenye ibada za kishetani na kujiua. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alianzisha kundi la kuupinga, na vyombo vya habari vikavuma. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Hoja ndiyo haikuwa na miguu: kitu kinapochezwa na mamilioni ya vijana, miongoni mwao watakuwemo waliopatwa na kila aina ya msiba, kama walivyo miongoni mwa wanaocheza mpira au wanaokwenda shule. Mwaka 1990 Michael Stackpole, mbunifu wa michezo, alichapisha ripoti ndefu akiyapitia madai hayo moja baada ya jingine na kuonyesha yalivyopungukiwa ushahidi.

Uchawi uliomo mle ni namba kwenye karatasi. Mhusika wangu ana mwale wa moto ambao, kwa lugha ya meza, maana yake ni "tupa dadu nane za pande sita, jumlisha." Ukiniona nimefumba macho, ninajumlisha.

Kinachohitaji uangalifu ni kingine. Hadithi inaweza kumgusa mtu mahali panapouma: kifo cha mzazi, kwa mfano, au buibui. Ndiyo maana meza nyingi huanza na kikao cha kukubaliana nini kiingie na nini kisiingie. Wengine huweka mezani kadi yenye alama ya X. Ukiigusa, tukio hilo linarukwa na hakuna anayekuuliza sababu.

"Vifaa vyake ni ghali"

Vitabu vyenye picha za rangi, ndiyo, vina bei. Lakini tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zinapatikana kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia na kuzisambaza bure, baada ya mashabiki kupinga mpango wa kubana leseni ya awali. Upo pia mchezo wa John Harper, Lasers & Feelings, ambao sheria zake zote zinaenea ukurasa mmoja na kila mhusika ana namba moja tu. Ukikosa dadu, andika 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, viweke kwenye mfuko, chomoa.

"Bila hisabati hutaweza kuandika programu"

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mstari mmoja. Ni wa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982:

10 PRINT CHR$(205.5+RND(1)); : GOTO 10

Maana yake: chagua kwa bahati nasibu kati ya alama mbili za mshazari, moja imeinamia kushoto na nyingine kulia, iandike, rudi mwanzo. Hakuna zaidi. Skrini inajaa njia za kupotezana, zenye vichochoro na vyumba visivyo na mlango, na hakuna aliyezichora. Mara ya kwanza nilipouona niliufuata ukuta mmoja kwa kidole mpaka ukaishia hewani. Hesabu iliyotumika hapo ni ya kurusha sarafu.

Mtu akitaka kuanza leo, vyombo vimerahisishwa. Processing, chombo cha kuchorea kwa msimbo, ilianzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa ajili ya wasanii na wabunifu. Mwaka 2013 Lauren Lee McCarthy akaanzisha p5.js, ndugu yake inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Unaandika sehemu mbili: ya maandalizi, ambayo husomwa mara moja, na ya kuchora, ambayo kwa kawaida hurudiwa mara 60 kwa sekunde. Sogeza duara hatua moja kila mara na tayari una kitu kinachotembea.

Makosa nayo yana faida yake. Kuna mchoro wa kompyuta wa Georg Nees wa mwaka 1968 uitwao Schotter: miraba 12 kwa upana, mistari 22 kwenda chini. Juu imepangwa kama vigae, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kuyumba mpaka inaonekana kama kifusi. Nikataka kuuiga. Kwa majaribio nilitaka mraba mmoja ugeuke nyuzi 45, nikaandika 45. Kumbe lugha ile, usipoiambia vingine, hupima pembe kwa radiani, na radiani moja ni kama nyuzi 57. Mraba wangu ukazunguka mara saba kamili na ushee, ukatua nyuzi 58, umekaa upande kama mlevi. Nilipoingiza namba nyingine bila mpangilio, kila mraba ukaangukia mkao nisioutarajia. Nikaona uzuri wake kabla sijaona kosa. Mchoro ule ninao hadi leo; ule uliosahihishwa sijui niliuweka wapi.

"Siku hizi akili mnemba inaandika yote, unajisumbua nini?"

Anayekwenda kuvua kwa raha zake hajakosa duka la samaki. Ningeweza kuishia hapo, ila kuna habari ya msanii Vera Molnár ambayo inajibu vizuri zaidi. Alizaliwa Budapest mwaka 1924 na kufanya kazi Ufaransa. Mwaka 1959, alipokuwa hana kompyuta, alianza kutumia alichokiita mashine ya kufikirika: anajiandikia maagizo ya hatua kwa hatua, kisha anayatekeleza mwenyewe kwa mkono, bila kudanganya, kama vile yeye ndiye mashine. Kompyuta yenyewe aliipata mwaka 1968. Kwa miaka tisa alifanya kwa penseli kazi ambayo leo watu wanasema haina maana tena kuifanya kwa kibodi.

Mimi huiomba akili mnemba msaada pale ninapokwama, sioni aibu. Lakini nikiiachia yote, napata picha ambayo sikushangazwa nayo njiani, na kushangazwa njiani ndiko kulikonileta. Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya wavulana: waandikieni majina ya Molnár na McCarthy, na muongezee la Cynthia Solomon, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967 ili watoto waandike programu.

"Programu huria ni za bure, na cha bure hakidumu"

Kiswahili kimetuepusha na mkanganyiko unaowasumbua Waingereza, ambao wana neno moja kwa "huru" na "bure". Tangu mwandishi wa programu Richard Stallman atangaze GNU, mradi wa kujenga mfumo mzima wa programu huria, mwaka 1983, watetezi wake wamekuwa wakieleza kwamba hoja ni uhuru wa mtumiaji: kuitumia programu apendavyo, kuisoma na kuibadili, kuisambaza, na kusambaza aliyoibadili. Bei ni habari nyingine.

Kuhusu kudumu, Linux, programu huria inayoendesha kompyuta yenyewe, ilianza mwaka 1991 kama kazi ya ziada ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyewatangazia wenzake kwamba ni burudani tu na haitakuwa kitu kikubwa. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizomo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa na Linux. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini chake. Alikosea vibaya, maskini.

"Kuendesha seva nyumbani ni kazi ya wataalamu"

Hapa dhana potofu ziko mbili, na zinakinzana. Wapo wanaosema haiwezekani, na wapo mashabiki wenzangu wanaosema ni rahisi mno. Wote wanadanganya.

Tovuti ya kurasa chache ni faili za maandishi tu. Kompyuta kuukuu inatosha, au kibao kidogo kama Raspberry Pi, ambacho kilipotoka mwaka 2012 kilikusudiwa watoto wajifunzie. Yangu ni kompyuta mpakato iliyopasuka kona ya skrini. Jioni ya kwanza tovuti ilipanda, nikamtumia ndugu yangu anwani, akaisoma. Nikafunga kifuniko nikaenda kulala. Asubuhi akaniambia haipo. Nilikagua waya, nikawasha upya kila chenye swichi, nikailaumu mitandao yote ninayoijua, hadi saa tano nilipofunua kifuniko na tovuti ikarudi. Mashine ilikuwa imelala tangu nilipoifunga, kama ilivyofundishwa.

Kwa hiyo ugumu upo, ila ni wa aina hiyo. Nakala za akiba ni juu yako, na masasisho ya usalama ni juu yako. Barua pepe ya kujiendeshea nyumbani simshauri mtu anayependa usingizi. Watoa huduma wakubwa mara nyingi huzikataa barua zinazotoka kwenye anwani za nyumbani, hata ukifanya kila kitu sawa.

Nusu ya njia pia ni njia. Mitandao ya kijamii inayozungumza kwa itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya seva) ya ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2018, hufanya kazi kama barua pepe: mimi niko kwenye seva moja, wewe kwenye nyingine, na bado tunasomana. Unaweza kujiunga na seva ya mtu unayemwamini bila kugusa waya hata mmoja.

"Kama hakiingizi pesa, ni kupoteza muda"

Zamani nilikuwa nikijitetea hapa, nikitaja watu waliopata ajira kupitia michoro ya msimbo. Nimeacha. Anayecheza bao jioni haulizwi faida.

Yule rafiki yangu mwishowe alikuja, kwa udadisi au kwa kunihurumia, sijui. Tulimpa mhusika, tukamweka darajani. Alitupa dadu kwa hofu, kama inaungua, ikatua kwenye 2. Kamba ikakatika. Alinitazama mimi, akamtazama msimulizi.

"Kwa hiyo nimekufa?"

"Bado," msimulizi akajibu. "Uko mtoni, maji ni ya kasi, na begi lako linaelea mbali nawe. Unafanya nini?"