Royal Artillery hawana bendera, sio kwamba waliipoteza

Kuna maneno yanazunguka vijiwe vya kahawa huku Mtwara eti kikosi cha mizinga cha Uingereza, Royal Artillery, hakina bendera ya vita sababu iliporwa na adui. Uongo huo wazee wangu. Bendera yao ni mizinga yenyewe, inapewa heshima ileile ya bendera na kuuacha mzinga kwa adui ni fedheha kubwa. Alafu icheki beji yao, taji juu, chini yake utepe umeandikwa Ubique, yaani kila mahali, ndo unafuata mzinga na gurudumu lake. Waterloo, ile vita kubwa dhidi ya Napoleon wa Ufaransa, walipigana ila jina lake kwenye beji hulioni, maana mfalme William IV aliwapa hilo neno miaka ya 1830 lisimame badala ya majina ya vita vyote, wangeyaandika yote yangeenea wapi sasa?