Gesi Asilia Haijasafisha Tanuru la Kioo

"Tanuru hili linatumia gesi asilia, kwa hiyo halina shida ya hewa chafu." Nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa mtaalamu aliyepewa kazi ya kupitia tathmini ya athari kwa mazingira, na baada yake hakuna aliyeuliza swali lolote kuhusu dohani. Kazi yangu ni kupima kinachotoka kwenye madohani ya viwanda, na kwa upande wa vioo nimechoka kuambiwa kwamba suala la uchafuzi lilikwisha siku bomba la gesi lilipofika. Halikwisha. Lilibadilika sura, na kanuni itakayoandikwa na watu wasiojua lilivyobadilika itadhibiti kitu ambacho hakipo tena.

Gesi ina sifa zake, nami sizikatai. Gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, viwanda vilivyokuwa vikichoma mafuta mazito vilipata nafuu ya kweli: masizi yalipungua, na salfa iliyokuwa ikiingia pamoja na mafuta ikaondoka. Kwenye boila, hapo hesabu ingekaribia kufungwa, kwa sababu uchafu wa boila karibu wote hutoka kwenye fueli. Tanuru la kioo si boila. Moto wake huwaka juu ya ziwa la kioo kilichoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, na gesi za moto hupita zikiligusa ziwa hilo na kubeba kila kinachofuka humo.

Kinachofuka zaidi katika kioo cha chupa na cha madirisha ni sodiamu. Inatoka kwenye magadi soda, ambayo haiwezi kuondolewa kwa sababu ndiyo inayoufanya mchanga uyeyuke kwenye joto linalowezekana. Mvuke wa sodiamu hukutana na oksidi za salfa ndani ya gesi, na gesi inapopoa huzaliwa chembe za sodiamu salfeti, ndogo kuliko mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Hilo ndilo vumbi la tanuru la kioo. Halikutoka kwenye fueli na si masizi. Kwa udogo wake halitegwi na vitenganishi vya kuzungusha hewa. Linahitaji kichujio cha mifuko au kichujio cha umemetuli. Salfa nayo ipo hata pale gesi inapokuwa haina salfa kabisa, kwa sababu mafundi huweka sodiamu salfeti kwenye mchanganyiko kwa makusudi ili kuondoa mapovu ndani ya kioo. Vivyo hivyo kaboni dioksidi: kila tani ya magadi soda, iwe imetoka Magadi kule Kenya au kwingineko, huachia takriban kilo 415 za gesi hiyo inapoyeyuka, na kila tani ya mawe ya chokaa kilo 440, hata kama moto wote ungekuwa wa umeme. Ndiyo maana vigae vya chupa zilizotumika vina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: kaboni dioksidi ya vigae hivyo ilikwisha kutoka zamani, na kila asilimia 10 ya vigae kwenye mchanganyiko hupunguza nishati kwa asilimia 2.5 hadi 3.

Sasa niseme jambo ambalo huwafanya watu wanyamaze. Kwa oksidi za nitrojeni, gesi asilia kwa kawaida ni mbaya kuliko mafuta mazito. Oksidi hizi hazitoki kwenye fueli kwa kiasi kikubwa; zinatoka kwenye hewa yenyewe. Mwanasayansi wa Kisovieti Yakov Zeldovich alieleza miaka ya 1940 jinsi nitrojeni na oksijeni za hewa zinavyoungana joto linapopanda sana, na kwenye tanuru la kioo masharti yote ya maelezo yake yametimia: hewa ya kuchomea hupashwa kwanza kwenye vyumba vya matofali hadi zaidi ya nyuzi 1,200, kisha ndipo inapokutana na fueli. Mwali wa mafuta mazito una chembe nyingi za kaboni zinazong'aa, hivyo hupeleka joto lake kwenye kioo kwa urahisi. Mwali wa gesi hung'aa kidogo, kwa hiyo ili kioo kipate joto lile lile mwali wenyewe hulazimika kuwa mkali zaidi, na kila unapokuwa mkali zaidi nitrojeni ya hewa nayo huungua zaidi. Kiwanda kilichohama kutoka mafuta kwenda gesi na kuacha kupima oksidi za nitrojeni kimeacha kupima wakati hasa ambapo kipimo kilihitajika.

Lakini hata hilo si linaloniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni namba inayowekwa kwenye ripoti.

Ukisoma ripoti ya kipimo utakuta, kwa mfano, "oksidi za nitrojeni: miligramu 600 kwa mita ya ujazo", kisha mtu analinganisha na kikomo cha miligramu 800 na kuandika kwamba tanuru limefaulu. Mita ya ujazo ya nini? Ya gesi kavu au yenye mvuke wa maji? Kwenye joto gani? Na zaidi ya yote, ikiwa na oksijeni kiasi gani? Hewa ya nje inayopenya kwenye nyufa za matofali na kwenye mifereji ya tanuru kuukuu huichanganya gesi na kuizimua bila kupunguza hata gramu moja ya uchafu. Umoja wa Ulaya, katika maamuzi yake ya mwaka 2012 kuhusu mbinu bora za uzalishaji wa vioo, chini ya Maelekezo ya Uchafuzi wa Viwandani ya mwaka 2010, umeziba mwanya huo: matokeo ya matanuru yanayofanya kazi mfululizo sharti yarekebishwe yawe ya gesi kavu yenye oksijeni asilimia 8. Chukua miligramu zetu 600. Ikiwa zilipimwa kwenye gesi yenye oksijeni asilimia 12, unazidisha kwa 13 (asilimia 21 ya oksijeni iliyomo hewani ukitoa 8) na kugawa kwa 9 (21 ukitoa 12), na unapata 867. Tanuru "lililofaulu" limevuka kikomo cha 800, ambacho ndicho cha juu katika maamuzi hayo kwa kioo cha chupa pale mbinu inayotumika kupunguza oksidi hizo ni kurekebisha uchomaji wenyewe. Namba ya oksijeni ikikosekana, ripoti haina maana, na mimi huirudisha kwa aliyeileta.

Halafu kuna matanuru yanayochoma fueli kwa oksijeni tupu badala ya hewa. Humo nitrojeni ya hewa imeondolewa mwanzoni kabisa, hivyo uzito wa oksidi za nitrojeni hushuka sana. Lakini ujazo wa gesi ya moshi nao hushuka sana. Tuseme uzito wa uchafu umepungua kwa nusu na ujazo wa gesi umebaki robo: kwa miligramu kwa mita ya ujazo, uchafu umeongezeka mara mbili. Mkaguzi anayejua kipimo kimoja tu atamwadhibu mwenye kiwanda aliyetumia fedha nyingi kupunguza uchafuzi, na kumpongeza jirani yake mwenye tanuru linalovuja hewa. Maamuzi ya Ulaya yanasema wazi kwamba kwa matanuru ya oksijeni marekebisho ya asilimia 8 hayatumiki, na kwamba kipimo kiwe kilo za uchafu kwa kila tani ya kioo kilichoyeyushwa. Naona kwamba kipimo hicho kingepaswa kuwa cha kwanza kwa matanuru yote. Hakizimuliki kwa hewa, kwa sababu mtu anaweza kuongeza upepo kwenye dohani lakini hawezi kuongeza tani za kioo ambazo hazikuyeyushwa. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na Kenya ina zake za mwaka 2014. Yeyote atakayezipitia upya kwa ajili ya sekta ya vioo aanze na suala hili la kipimo kabla ya kubishana kama kikomo kiwe 500 au 800.

Kosa la pili la waandishi wa kanuni ni kudhani kwamba tanuru dogo ni tanuru salama. Tukio la Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, linapaswa kufundishwa katika kila darasa la udhibiti. Desemba 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walikusanya sampuli 346 za ile mimea midogo ya kijani inayoota kama zulia kwenye magome ya miti, ambayo haina mizizi ya kweli na hivyo hupata karibu kila kitu kutoka hewani. Ramani ya kadimi, metali yenye sumu, waliyoichora ilikuwa na vilele viwili, na vyote vilikuwa karibu na watengenezaji wa vioo vya rangi kwa ajili ya wasanii. Oktoba 2015 mamlaka ya mazingira ya jimbo iliweka kifaa cha kupima hewa karibu na mmoja wao, Bullseye Glass. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha aseniki mara 159 na kadimi mara 49 ya viwango rejea vya jimbo.

Kadimi hutoa rangi za njano na nyekundu, na aseniki husaidia kusafisha mapovu. Metali hizi ziliwekwa kwenye mchanganyiko kama malighafi, na hakuna badiliko la fueli ambalo lingezizuia kufuka. Kanuni ya serikali ya shirikisho ya mwaka 2007 kuhusu metali za sumu kwenye viwanda vidogo vya vioo ilikuwepo tayari, lakini iliyahusu matanuru ya kufanya kazi mfululizo yenye kuzalisha angalau tani 50 za Kimarekani kwa mwaka. Matanuru ya Portland yaliyeyusha kwa mafungu, yakahesabiwa kuwa nje ya kanuni, na yakafanya kazi bila vichujio katikati ya makazi. Neno "mfululizo" ndilo lililoamua nani avute kadimi. Oregon ilitoa kanuni za muda mwezi Aprili 2016, zikiwalenga watengenezaji wa vioo vya rangi, na vichujio vya mifuko vikaanza kufungwa. Kromi ilileta ugumu wa ziada: fundi huiweka ikiwa ya valensi tatu, isiyo na sumu kali, lakini ndani ya tanuru lenye oksijeni ya kutosha sehemu yake hugeuka kuwa ya valensi sita, ambayo husababisha saratani. Leseni inayoorodhesha kilichoingia tanuruni bila kupima kilichotoka haiwezi kuliona jambo hilo.

Jambo la tatu ni wakati. Tanuru la chupa huwaka usiku na mchana kwa miaka 12 hadi 15, pengine zaidi, bila kuzimwa. Nafasi halisi ya kubadilisha muundo wake huja pale linapozimwa na kujengwa upya, na nafasi hiyo ikipita unasubiri mzunguko mwingine. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1980 kuhusu matanuru mapya ya vioo ilidhibiti vumbi peke yake, na ikatamka kwamba kubadilisha matofali yaliyochakaa hakuhesabiwi kuwa ni ujenzi mpya. Kwa maneno mengine, tanuru la zamani liliweza kufufuliwa kwa matofali na kubaki la zamani kisheria. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Saint-Gobain Containers kuhusu viwanda 15 katika majimbo 13, kwa vifaa vya udhibiti vilivyokadiriwa kugharimu hadi dola milioni 112, na hoja ya msingi ilikuwa matengenezo makubwa yaliyofanywa bila kibali. Miaka 30 imepita kati ya kanuni ile na makubaliano haya.

Pamoja na ukali wangu wote, nina mashaka ambayo vitabu vya mafunzo huyapita haraka. Vumbi linalonaswa na kichujio hurudishwa kwenye mchanganyiko, nasi tunaliita suluhisho, lakini kioo kina kikomo cha salfeti kinachoweza kupokea, na kinachozidi hurudi dohani au huwa taka inayohitaji pa kutupwa. Vichocheo vinavyovunja oksidi za nitrojeni kwa kutumia amonia vinafanya kazi vizuri, lakini huharibiwa na sodiamu iwapo kichujio cha vumbi hakikutangulia, na sehemu ya amonia hupenya ikatoka nje. Tanuru la umeme husafisha dohani ya kiwanda. Uchafu wa mtambo unaozalisha umeme huo unabaki kuwa hesabu ya mtu mwingine.

Shaka yangu kubwa iko kwenye kazi yangu mwenyewe. Moto wa tanuru lenye vyumba vya matofali hubadilisha upande kila baada ya dakika 20 hivi, na kipimo kisichofunika mizunguko kamili kinaweza kuangukia upande mzuri tu. Tanuru huzeeka, hula nishati zaidi kila mwaka, na nyufa zake huongezeka, ilhali sisi tunalipima kwa saa chache za mwaka na kuandika matokeo kana kwamba ni ya mwaka mzima. Tena kiwanda kinaweza kupunguza kiasi cha kioo kinachoyeyushwa siku ile, bila nia mbaya yoyote, kwa sababu mashine ya kufinyanga chupa imeharibika. Kwa hiyo huwa sifungui kifaa changu kabla ya kupewa rekodi ya tani zilizoyeyushwa katika saa 24 zilizopita, asilimia ya vigae kwenye mchanganyiko, na rangi ya kioo kilichomo tanuruni.