Kucha zimeachia baada ya jeli: maswali na majibu

Kwa nini ukucha unaachana na nyama?

Mara nyingi chanzo si rangi yenyewe, ni namna inavyotolewa. Jeli, yaani rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa maalumu, ikishakauka hugeuka plastiki ngumu iliyong'ang'ania tabaka la juu la ukucha. Ukiibandua kwa meno, kwa kadi au kwa ukucha mwenzake, inaondoka na tabaka hilo. Mashine ya kusaga ikikandamizwa sana huleta hasara ileile. Rudia kila baada ya wiki 2 au 3, na ukucha utakuwa mwembamba, utauma ukigusa maji ya moto, kisha utaanza kuachia kwenye ncha. Wapo dada zetu wanaopaka siku za hedhi tu, halafu wanaibandua harakaharaka wapate kutia udhu. Hao nawahurumia zaidi, maana haraka ndiyo inayochuna ukucha.

Je, utashika tena?

Sehemu iliyokwisha kuachia, ile inayoonekana nyeupe, haishiki tena. Kinachosubiriwa ni ukucha mpya kutoka shinani, na kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Kwa hiyo hesabu miezi 4 hadi 6, hata ukitunza vizuri. Vidonge vya biotini (aina ya vitamini B) vinavyouzwa kwa ajili ya kucha havina ushahidi wa maana kwa mtu anayekula vizuri, tena vinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo cha tezi ya shingo. Ukiwa unavitumia, mwambie daktari kabla ya kupimwa.

Nifanye nini wakati nasubiri?

Kata ukucha uwe mfupi, karibu na pale ulipoachia, usije ukanasa kwenye nguo na kuachia zaidi. Usiuvute. Usichokonoe uchafu chini yake kwa kijiti, hata kama unakukera. Kila ukichokonoa unaongeza nafasi. Maji nayo ni adui: ukifua au kuosha vyombo vaa glavu, na ndani yake glavu nyepesi za pamba zinyonye jasho. Ukishanawa, kausha vizuri. Usiku paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Na tafadhali, usirudishe jeli juu yake ili kuficha, wala usigandishe kwa gundi. Unafungia unyevu ndani.

Umegeuka kijani. Ni fangasi?

Kijani mara nyingi ni bakteria aitwaye Pseudomonas, anayependa mahali penye majimaji. Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya fangasi: havimuui bakteria huyo, na baadhi yake vinaweza kudhuru ini. Muone daktari, akate sehemu iliyoachia na akupe dawa inayofaa.

Vidole vinawasha, na kope zimevimba. Vinahusiana?

Huenda. Jeli ambayo haijakauka sawasawa ina kemikali za jamii ya akrilati, mojawapo HEMA, na zikigusa ngozi mara kwa mara huzua mzio. Ukishaupata, kwa kawaida ni wa maisha. Kibaya zaidi, kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno na katika saruji ya kushikiza nyonga bandia, kwa hiyo madhara hayaishii saluni. Umoja wa Ulaya umeagiza bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi wa fani hiyo tu. Anayejipaka nyumbani kwa taa ya bei chee yuko hatarini zaidi, kwa sababu taa isiyoendana na jeli huacha sehemu mbichi.

Jeli itolewe vipi basi?

Punguza mng'ao wa juu taratibu kwa msasa wa kucha, funga pamba yenye asetoni kwa karatasi ya foili, subiri dakika 10 hadi 15. Ikigoma, irudishie pamba, fundi asikwangue. Ana haraka? Mwambie asubiri. Ukucha ni wako.

Lini niende hospitali?

Kukiwa na usaha, maumivu yanayodunda, au kucha kadhaa zikiachia bila jeli: ugonjwa wa tezi ya shingo, soriasisi (ugonjwa wa ngozi) na dawa kama doksisaiklini (antibiotiki) ukichomwa na jua vinaweza kusababisha hivyo. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa sisi weusi. Ila mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kusambaa hadi kwenye ngozi, uonwe mapema na daktari wa ngozi, kwa kuwa unaweza kuwa saratani. Toa rangi zote kabla ya kwenda.